Sikorsky na Kihelikopta cha Chumbani Kwangu

Muhula uliopita nilipata sapu mbili, nikaanza kuwaza kuacha uhandisi. Usiku, badala ya kusoma, nilikuwa narusha kihelikopta changu cha rimoti juu ya kitanda hosteli. Kina mapangaboi mawili, moja juu ya jingine, yanayozunguka kinyume ili mwili wake usizunguke nayo.

Kumbe Igor Sikorsky naye alianzia nyumbani. Alizaliwa Kyiv mwaka 1889, na akiwa na miaka kama 12 aliunda helikopta ndogo inayoendeshwa na mpira uliosokotwa, ikaruka. Mwaka 1909 akajenga kubwa, nayo ya mapangaboi mawili kama yangu. Injini ilikuwa dhaifu, haikuruka. Ya pili, mwaka 1910, ilijiinua yenyewe tu. Kumbeba mtu ikashindwa. Basi akaiweka kando, akatengeneza ndege za kawaida. Mapinduzi ya Urusi yakamtoa kwao, na mwaka 1919 akafika Marekani kuanza upya.

Lakini jamaa hakusahau. Septemba 14, 1939, huko Connecticut, aliketi mwenyewe kwenye VS-300, pangaboi kubwa juu na dogo mkiani. Ikanyanyuka sekunde chache, ikiwa bado imefungwa chini. Alikuwa na miaka 50. Alipofariki mwaka 1972, helikopta zilishaokoa watu wengi baharini na vitani.

Sapu zangu ni mwezi ujao. Kihelikopta nimekiweka juu ya kabati, nikimaliza nitakishusha.