Lavoisier, Mtu wa Mizani



Kila saa ya kemia tunalia juu ya ekwasyo, yaani milinganyo, zaidi ile ambamo chumvi mbili zinabadilishana wenzi. Wengi tunaandika namba mbele ili mwalimu afurahi tu. Aliyetufundisha kuhesabu hivyo alikatwa kichwa, na habari zake ni hizi.

Antoine Lavoisier alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 26 Agosti 1743. Mama yake alikufa yeye angali mtoto. Baba alikuwa mwanasheria. Kijana naye akasoma sheria, lakini moyo ulikuwa kwenye sayansi, na mwaka 1768 akapokelewa katika Akademia ya Sayansi.

Siku zile wengi waliamini kwamba maji yakichemshwa sana yanageuka udongo, kwa kuwa vumbi lilionekana chini ya chombo. Lavoisier hakubishana. Alipima chombo cha kioo, akapima maji, akafunga, akachemsha siku 101. Halafu akapima tena. Uzito wote ulikuwa uleule, ila chombo kilipungua: vumbi lilitoka katika kioo, si katika maji. Siku 101, jamani! Sisi dakika kumi tu tunachoka.

Kazi yake yote ilikwenda hivyo, kupima kabla na kupima baadaye. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1789 alieleza jinsi maji ya zabibu yanavyochacha kuwa divai, akaonyesha kwamba vilivyoingia na vilivyotoka lazima vilingane kama hesabu. Alama kama Na na Cl zilikuja nyuma yake, kwa Berzelius wa Sweden, lakini mzizi njo ule.

Tazameni mfano wa darasani:

BaCl2 + Na2SO4 → BaSO4 + 2NaCl

Bari inaacha klori na kushika sulfati, sodi inashika klori, na unga mweupe unashuka chini. Kushoto tuna gramu 208 na 142, jumla 350. Kulia 233 na 117, tena 350. Ukisahau ile 2, sodi moja na klori moja zimepotea njiani. Na kuna wenzetu wanaobadilisha namba ndogo za chini ili hesabu itoke. Hiyo ni sawa na mnunuzi wa kahawa hapa Butembo anayechezea jiwe la mizani: hesabu inapendeza, lakini kitu si kile tena.

Sasa, nisimfanye mtakatifu. Mwaka uleule wa 1768 alinunua sehemu katika kampuni ya matajiri waliokusanya kodi za mfalme, kodi ya chumvi na ya tumbako. Walimlipa mfalme kiasi walichopatana. Kilichozidi kilikuwa chao. Vyombo vyake vya bei kali vilitoka katika fedha ile. Wengine watasema aliitumia vizuri. Mimi bado inanisumbua, juu yule maskini aliyelipia chumvi hakuulizwa.

Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, msichana wa miaka 13, binti wa mwenzake katika kampuni ile. Huyo mama alijifunza Kiingereza ili amtafsirie vitabu, na alichora picha za vyombo vyote katika kitabu cha 1789.

Mapinduzi yalipofika, wakusanya kodi wakatiwa gerezani. Shitaka moja lilikuwa kwamba walitia maji katika tumbako ili uzito uongezeke. Tarehe 8 Mei 1794 watu 28 walihukumiwa na kukatwa vichwa siku hiyohiyo, Lavoisier pamoja na baba mkwe wake. Alikuwa na miaka 50.

Mali yake ilichukuliwa, kisha mjane akarudishiwa. Alikusanya maandishi ya mume wake, akayachapisha, akaishi mpaka 1836. Mizani za Lavoisier ziko Paris hata leo, katika makumbusho ya Arts et Métiers.