Mtoza kodi aliyeyafuata maji mlimani

Leo nawaletea maisha ya Pierre-Paul Riquet, Mfaransa aliyezaliwa Béziers mwanzoni mwa karne ya 17. Nimemchagua kwa sababu wengi wenu mnaishi kwa kutegemea njia za biashara, na bwana huyu alizamisha mali yake katika njia moja tu.

Riquet hakuwa mhandisi. Alikuwa mtoza kodi ya chumvi katika jimbo la Languedoc, kazi ambayo kila mfanyabiashara wa mpakani anajua haimpi mtu marafiki. Lakini ilimtajirisha.

Wakati huo meli zilizotoka pwani ya Atlantiki ya Ufaransa kwenda Mediterania zililazimika kuizunguka Hispania. Wazo la kuchimba mfereji wa kukatisha nchi kavu lilikuwa la zamani, ila lilikwama kwenye swali moja: maji yatatoka wapi? Mfereji ulipaswa kuvuka mwinuko wa Naurouze, mita 189 juu ya usawa wa bahari, na pale hapakuwa na mto wa kuujaza.

Riquet alipanda hadi kwenye vijito vya milima ya Montagne Noire, iliyo juu zaidi, akavikusanya kwa mitaro iliyoshusha maji hadi Naurouze. Hapo maji hugawanyika, mengine yakielekea magharibi, mengine mashariki. Mtaro wa majaribio ulifanikiwa mwaka 1665, na mwaka 1666 Mfalme Louis wa 14 akatoa idhini. Ili mfereji usikauke kiangazi, Riquet alijenga bwawa la Saint-Ferréol kati ya mwaka 1667 na 1672.

Fedha za serikali hazikutosha. Alitia za kwake, kisha akakopa. Alifariki Oktoba 1, 1680, akiwaachia wanawe madeni makubwa. Mfereji huo wa kilomita 240, uitwao leo Canal du Midi, ulifunguliwa Mei 1681. Yeye hakuuona. Ukoo wake ulilipa madeni hayo kwa miongo kadhaa.

Siku hizi wanaopita humo ni watalii, na mwaka 1996 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia. Bwawa na mitaro ya Riquet bado vinaulisha maji. Mimi naona urithi wake mkubwa uko kule mlimani, wasikofika wapiga picha wengi. Mitaro ile ikizibwa, mfereji utapoteza chanzo chake muhimu cha maji.