Louis Leakey: Teke la raga lilimtoa kanisani, likampeleka kwa mafuvu ya Bonde la Ufa

Jamaa alikuwa anaenda kuwa mhubiri. Hiyo ndiyo ilikuwa form ya Louis Leakey, mtoi wa wamisionari aliyezaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903, akabonga Kikuyu kama lugha ya kwao na kuingizwa kwenye rika kwa jina Wakuruigi. Alipofika Cambridge 1922 aliwachezea ujanja: akataka Kikuyu kihesabiwe kama lugha ya kigeni aliyosoma. Chuo kikakubali!

Halafu 1923 akapigwa teke la kichwa kwenye raga. Kichwa kikauma hadi vitabu vikamshinda, na baadaye kifafa kikamwandama. (Kifafa hicho ambacho wasee wengi hadi leo wanasema ni mapepo.) Daktari akamwamuru apumzishe masomo mwaka mmoja, akae nje kwa hewa safi. Leakey akachukua kazi ya kuchimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Tanganyika, 1924. Mahubiri yakaishia huko.

Kufikia 1926 alikuwa Kenya na makoleo yake. Leo ukishuka kutoka Limuru, upite malori ya Mai Mahiu, Longonot ikuangalie, uendelee Naivasha hadi Gilgil, hapo umeingia base yake. Kariandusi alipata shoka za mawe. Elmenteita na Nakuru akafukua mafuvu ya watu wa kale.

Sasa shika hii. Miaka hiyohiyo Nairobi, daktari F.W. Vint alikuwa anapima bongo za Waafrika waliokufa, na 1934 akachapisha kwamba ziko chini ya zile za Wazungu. Walowezi walipenda hiyo stori, maana iliwapa kisingizio cha kuuliza Mwafrika anasomeshwa kwa nini. Uongo uliovaa koti jeupe.

Udongo nao ulikuwa na yake. Mwaka 1964 Leakey, John Napier na Phillip Tobias, daktari wa Afrika Kusini aliyebobea kwenye anatomia, walitangaza Homo habilis kutoka Olduvai, Tanzania. Umri, karibu miaka milioni 1.75. Ubongo, chini ya sentimita za ujazo 700, nusu hivi ya wetu. Kuna wasomi waliokuwa wameshikilia kwamba bila 750 wewe si binadamu. Hawa watatu wakashusha mstari hadi 600. Kelele zilipigwa mbaya. Lakini ubongo huo mdogo, wa mtu aliyehusishwa na kuchonga mawe, ulikuwa umetoka huku kwetu.

Malaika hakuwa. Alimwacha mkewe Frida na mtoto mchanga akamfuata Mary, na huyo Mary ndiye aliyeliona fuvu la 1959 lililowapa jina duniani, mzee akiwa kambini na homa. Pia alikuwa mkalimani kwenye kesi ya Kenyatta kule Kapenguria, na kuna familia ambazo hazijamsahaulia hilo.

Mwaka 1971 kichwa kikamrudia. Nyuki walimvamia, akaanguka, na madaktari wakalazimika kumpasua kuondoa damu iliyoganda kwenye ubongo. Akarudi kuzunguka majuu akisaka doo za utafiti, ingawa moyo ulishachoka. Ulisimama London tarehe 1 Oktoba 1972, akiwa na miaka 69. Wakamrudisha nyumbani, akazikwa Limuru.