Mgeni Asiyepewa Jembe: Maisha ya Rudolph Dunbar

Kisii na Nyamira ni nchi ya obokano. Msomaji wa pwani ambaye hajakiona chombo hicho na afikirie bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, likasimamishiwa miti miwili na wa tatu ukalazwa juu yake, kisha nyuzi nane zikateremka mpaka kifuani mwa bakuli. Sauti yake ni nzito, yenye mkoromo, kama ya mzee anayetoa wasia. Mpigaji hupiga, huimba, husifu, huonya na husimulia, yote peke yake.

Nimetembea huko, toka mji wa Kisii hadi mashamba ya chai ya Nyamira, nikawasikiliza mafundi hao. Huitwa arusini na siku za sherehe za serikali, hupigiwa makofi, kisha hurudi makwao na siku hiyo huwa imekwisha. Kila nilipowaona nilimkumbuka mtu wa mbali sana ambaye ufundi wake ulikuwa mwingine lakini majaliwa yake yalikuwa hayo hayo. Huyo ni hayati Rudolph Dunbar, mtu mweusi aliyeongoza okestra kubwa za Ulaya.

Okestra ya simfonia ni watu themanini, pengine mia: wenye fidla, wenye filimbi, wenye tarumbeta, wenye ngoma. Mbele yao husimama mmoja asiyepiga chombo chochote, ana kijiti tu mkononi. Sisi tuliosoma chuoni hatuhitaji kuelezwa sana. Mwalimu huketi mbele ya watoto arubaini, kila mmoja na juzuu yake na sauti yake, na akikosea mmoja herufi moja kule pembeni, bakora imekwisha kumnyookea. Kiongozi wa okestra ana sikio la namna hiyo. Yeye huamua mwendo, nani aingie na nani anyamaze. Okestra huwa na kiongozi wake wa kudumu, na mara kwa mara hualika kiongozi mgeni kwa usiku mmoja au miwili.

Dunbar alizaliwa Nabaclis, kijiji cha Guyana, ambayo zamani hizo ilikuwa koloni ya Waingereza huko Amerika ya Kusini. Angali kijana aliingia bendi ya askari wa koloni, akajifunza klarineti, chombo cha kupuliza cha jamaa moja na zumari letu. Kutoka hapo alikwenda New York kusoma muziki katika chuo ambacho leo ni Juilliard, na mwaka 1925 akavuka bahari hadi Paris kwa mafundi wa Kifaransa. Mwaka 1931 alihamia London, akafundisha, akaunda bendi za dansi na kuandika magazetini. Mwaka 1939 alitoa kitabu cha mafunzo ya klarineti, nacho kikachapwa tena na tena.

Basi huyo hakuwa mtu wa fani moja. Alikuwa mpigaji, mwalimu, mtunzi wa kitabu na mwandishi wa habari. Mwaka 1942, mabomu ya Wajerumani yakiwa bado tishio, alisimama katika ukumbi wa Royal Albert Hall akaiongoza London Philharmonic. Mtu mweusi alikuwa hajapata kuiongoza okestra hiyo. Baadaye alifuatana na majeshi ya Marekani hadi Ufaransa na Ujerumani, akipeleka habari za vita kwa shirika la Associated Negro Press.

Ndipo ikaja Septemba 1945. Berlin ilikuwa vifusi. Leo Borchard, aliyekuwa ameishika Berlin Philharmonic baada ya vita, aliuawa mwezi wa Agosti kwa risasi ya mlinzi wa Kimarekani, gari alimopanda liliposhindwa kusimama kizuizini. Siku chache baadaye Dunbar, amevaa sare ya mwandishi wa vita, alipanda jukwaani mbele ya okestra hiyo hiyo. Miongoni mwa aliyoyaongoza ni simfonia ya sita ya Tchaikovsky na ile ya William Grant Still, Mmarekani mweusi, ambayo ndani yake mna banjo, chombo ambacho hata taarab yetu imekijua. Yafikirieni hayo: katika mji ule ule ambamo Hitler alihubiri kwamba mtu mweusi ni duni, Wajerumani walikifuata kijiti cha mjukuu wa Afrika.

Wakati huo huo vijana wa Kisii na Nyamira waliochukuliwa katika King's African Rifles walikuwa wamekwisha kupigana Burma, na baadhi yao walikuwa wangali ng'ambo wakingojea meli ya kuwarudisha. Nao waliitwa kwa haja ya vita, wakasifiwa, kisha wakarudi kwao kuwa raia wa koloni kama walivyoondoka.

Kiti cha Borchard kilimwangukia kijana wa Kirumania, Sergiu Celibidache, ambaye hadi hapo hakuwa na jina. Simwonei kijicho, alikuwa fundi wa kweli. Lakini Dunbar alibaki mgeni. Mwaka 1946 aliongoza Hollywood Bowl huko Marekani, na mwaka 1964 alialikwa Urusi ya Kisovieti. Kila mahali makofi, na kila baada ya makofi, mkoba na safari. Uingereza, alikoishi zaidi ya nusu karne, haikumpa okestra ya kuilea, na mwenyewe alilalamika kwamba BBC ilimfungia mlango. Alifariki London mwaka 1988, wengi wakiwa wamekwisha kumsahau.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huuchukua usemi huo kuwa ni wa kumfukuza mgeni mvivu. Mimi nauona pia upande wake wa pili. Jembe ni heshima. Anayepewa jembe amepewa shamba, amepewa msimu, na atakuwapo siku ya mavuno. Anayeandaliwa pilau kila siku na hapewi jembe, huyo ameambiwa kwa adabu kwamba hapa si kwake.

Obokano husikika katika matamasha ya muziki ya shule, nami nafurahi. Lakini tamasha ni siku moja. Fundi wa obokano apewe darasa, mshahara na wanafunzi, huko Kisii na Nyamira kwenyewe, akiwa bado ana nguvu za vidole. Na sisi wa pwani tusijione tumepona, kwani wapo wapigaji udi wetu ambao tunawajua siku za arusi tu.