Wasifu wa Joseph Black (1728–1799)

Kuzaliwa na elimu

Joseph Black alizaliwa mwaka 1728 katika mji wa Bordeaux, Ufaransa, ambako baba yake alifanya biashara ya mvinyo. Baba huyo alikuwa mwenyeji wa Belfast, na mama yake alitoka katika ukoo wa Kiskoti. Alipokuwa na umri wa miaka 12, Black alipelekwa Belfast kusoma, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Huko alisomea udaktari na kuwa msaidizi wa mwalimu wake wa kemia, William Cullen. Mwaka 1752 alihamia Edinburgh kumalizia masomo.

Katika tasnifu yake ya mwaka 1754, Black alionesha kwamba magnesia ikichomwa hupungua uzito kwa sababu gesi fulani hutoka ndani yake. Gesi hiyo leo tunaiita kaboni dioksaidi. Tangu hapo alijulikana kwa tabia moja: hakukubali jambo mpaka alipime.

Ugunduzi wa joto fiche

Mwaka 1756 Black alirudi Glasgow kufundisha. Wakati huo wataalamu waliamini kuwa barafu ikishafikia kiwango cha kuyeyuka, joto kidogo tu linatosha kuigeuza yote kuwa maji. Black alitilia shaka. Kama ingekuwa hivyo, theluji ya milimani ingeyeyuka yote kwa mara moja majira ya baridi yanapokwisha, na mafuriko yangeangamiza watu. Kumbe theluji huyeyuka polepole kwa majuma mengi.

Alichukua vyombo viwili vya kioo vinavyofanana, akatia maji ya uzito sawa. Maji ya chombo kimoja aliyagandisha. Ya kingine aliyapoza mpaka karibu na kiwango cha kuganda. Akaviacha katika ukumbi mmoja. Maji yalipanda nyuzi 7 za Fahrenheit kwa nusu saa. Barafu ilichukua saa 10 na nusu kuyeyuka na kufikia jotoridi hilohilo, yaani muda mara 21. Joto lilikuwa likiingia katika barafu muda wote huo, lakini kipimajoto hakikupanda mpaka barafu ilipokwisha. Joto hilo lililojificha ndilo joto fiche. Kwa vipimo vya leo, kilo moja ya barafu huhitaji jouli 334,000 hivi ili iyeyuke.

James Watt, fundi wa vifaa vya sayansi chuoni hapo, alikuwa rafiki yake. Watt aliposhangaa jinsi mvuke unavyobeba joto jingi, Black ndiye aliyemweleza sababu.

Maji yaliyochemshwa na yasiyochemshwa

Mwaka 1766 Black alikwenda kuwa profesa wa kemia Edinburgh. Mwaka 1775 zilitolewa habari za watengenezaji wa barafu nchini India. Watu hao walichemsha maji, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka usiku katika vyombo vya udongo visivyo na kina. Je, kuchemsha kuliyasaidia maji kuganda?

Black hakudharau habari hizo, wala hakuziamini bila ushahidi. Alichemsha maji kwa muda mrefu, akayaacha yapoe mpaka yakawa na jotoridi sawa na maji yasiyochemshwa. Akatia kiasi sawa katika vikombe viwili vya chai na kuviweka nje ya dirisha wakati wa baridi kali. Barafu ilitokea kwanza katika maji yaliyochemshwa. Maji mengine yalipoa chini ya kiwango cha kuganda yakabaki kimiminika. Lakini alipoyakoroga, yaliganda papo hapo.

Black alieleza kuwa kuchemsha huondoa hewa iliyomo majini. Maji hayo yanapopoa hufyonza hewa tena, na msukosuko huo mdogo huanzisha kuganda.

Mwanafunzi azingatie: vikombe vya Black vilikuwa na jotoridi sawa. Hakujibu swali la kama maji ya moto huganda kabla ya maji baridi. Swali hilo liliibuliwa upya mwaka 1963 na mwanafunzi wa Tanganyika, Erasto Mpemba, aliyeona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya uliopoa. Yeye na Denis Osborne walichapisha makala kuhusu jambo hilo mwaka 1969. Tangu hapo majaribio mengine yameliona, na mengine hayakuliona. Kwa hiyo, jibu la kwamba maji ya moto huganda haraka siku zote si sahihi.

Mwisho wa maisha yake

Black hakuoa. Alikuwa na afya dhaifu na aliandika machache. Mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1803 na John Robison. Alifariki Edinburgh Desemba 1799. Inasimuliwa kuwa alikata roho kwa utulivu akiwa amekaa kitini na chombo cha maziwa magotini, na maziwa hayakumwagika.

Mchango wake mkubwa kwa mwanafunzi ni njia yake ya kazi: alibadilisha jambo moja tu, mengine yote akayaacha sawa, ndipo akatoa jibu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuyeyuka polepole kwa theluji kulimfanya Black atilie shaka imani ya wakati wake?
2. Katika jaribio la vikombe viwili, taja jambo lililotofautiana na mambo mawili yaliyokuwa sawa.
3. Eleza tofauti kati ya swali la Black la mwaka 1775 na swali la Mpemba.