Albrecht Zimmermann

Albrecht Zimmermann (1860 – 1931) alikuwa mtaalamu wa botania kutoka Ujerumani. Anakumbukwa kwa uchunguzi wake wa kiini cha seli za mimea na kwa kazi yake ya miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki.

Maisha ya awali

Alizaliwa mjini Braunschweig. Alisoma wakati elimu ya seli ilipokuwa bado changa. Mwaka 1882 Walther Flemming alieleza jinsi nyuzi zilizomo ndani ya kiini zinavyopasuka kwa urefu wake, kila nusu ikienda kwenye seli yake mpya. Mgawanyiko huo aliuita mitosisi, na nyuzi hizo leo huitwa kromosomu. Eduard Strasburger alichunguza jambo hilohilo katika mimea.

Zimmermann, aliyefanya kazi Tübingen, alikuwa fundi wa hadubini. Kitabu chake cha mwaka 1892 kilifundisha namna ya kukata vipande vyembamba vya mmea na kuvitia rangi, kwa maana bila rangi kromosomu ni vigumu sana kuonekana. Mwaka 1896 alitoa kitabu kingine kuhusu umbo na kazi za kiini cha seli za mimea.

Mwaka huohuo alikwenda Buitenzorg (leo Bogor) katika kisiwa cha Java, kuchunguza magonjwa ya kahawa. Mnyoo mdogo wa mizizi aliyemweleza mwaka 1898, Pratylenchus coffeae, bado anawasumbua wakulima wa nchi nyingi.

Amani

Kituo cha Amani kilianzishwa mwaka 1902 na serikali ya kikoloni ya Kijerumani. Kipo katika wilaya ya Muheza ya leo. Maramba iko chini ya milima hiyohiyo, upande wa kaskazini-mashariki. Zimmermann alifika huko baada ya kutoka Java, na baadaye akawa mkurugenzi. Kazi kubwa ya kituo ilikuwa kuwahudumia walowezi wenye mashamba ya mkonge, kahawa na mpira, na gazeti lake la kilimo lilitolewa kwa Kijerumani. Mwaka 1913 Zimmermann alichapisha kitabu kuhusu mpira wa Manihot glaziovii, mti wa jenasi moja na mhogo.

Hata hivyo, utafiti wake uliowagusa zaidi wenyeji ulihusu mhogo wenyewe. Mwaka 1906 aliandika juu ya ugonjwa unaokunja majani yake na kupunguza mavuno, ambao leo huitwa batobato. Hadubini yake isingeweza kumwonyesha chanzo chake, kwa kuwa ni virusi.

Ugonjwa huo unaeleweka vizuri kwa kufuata jinsi seli zinavyogawanyika. Mhogo hupandwa kwa vipande vya shina. Seli za kipande hugawanyika kwa mitosisi, kila moja ikibaki na kromosomu 36, hivyo mmea mpya hurithi sifa zilezile za mama. Na kama shina lina virusi, navyo hupandwa pamoja nalo. Kwenye ua mambo ni tofauti. Huko hutokea meiosisi: kromosomu huchanganya sehemu zao, kisha idadi hupungua hadi 18 katika seli za uzazi. Ndivyo ilivyo kwa binadamu pia, ambaye seli zake za mwili zina kromosomu 46, na yai au mbegu ya kiume 23. Kwa sababu hiyo mbegu za mhogo hazizai mimea inayofanana kabisa na mama yao, na mkulima anayetaka aina mpya hana budi kuanzia kwenye ua.

Njia hiyo ilifuatwa hapohapo Amani, lakini baada ya Zimmermann kuondoka. Katika miaka ya 1930 H. H. Storey na R. F. W. Nichols walichanganya mhogo na Manihot glaziovii, mti uleule wa kitabu cha 1913, kisha wakawarudisha watoto wake kwa mhogo mara kadhaa ili mizizi iwe mizuri tena. Uzao wake ulitumiwa baadaye kupata aina zinazostahimili batobato huko Nigeria.

Vita na miaka ya mwisho

Vita Kuu ya Kwanza ilipokata njia za baharini, Amani ilitengeneza kwinini na mahitaji mengine. Waingereza walikiteka kituo mwaka 1916. Baada ya vita Zimmermann alirudi Ujerumani, na mwaka 1922 kilitoka kitabu chake kuhusu familia ya maboga, matango na matikiti, mimea ambayo mingi hutenganisha maua ya kiume na ya kike. Alifariki mjini Berlin.