Fundi wa Kujalidi Vitabu na Desa Lake la Kurasa 300

Kabla hujalalamika tena kwamba boom limechelewa, msome kidogo huyu jamaa. Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791 pembeni ya London, mtoto wa mhunzi ambaye afya yake ilikuwa ya kuungaunga. Kuna kipindi hali ilikuwa mbaya nyumbani hadi kijana akawa anapewa mkate mmoja, ale wiki nzima. Shuleni aliambulia kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi.

Alipofika miaka 14 akapelekwa kwa muuza vitabu, George Riebau, ajifunze kazi ya kujalidi. Mkataba miaka saba. Vitabu vilivyoletwa kushonwa akawa anavisoma, na siku moja ikapita mikononi mwake ensaiklopidia ya Britannica yenye makala ya umeme. Ikamkamata. Vijisenti alivyopata akanunulia vifaa vya majaribio, ahakikishe mwenyewe kama mwandishi kasema kweli. Riebau naye alimwacha aendelee, na si kila bosi angekubali hayo dukani kwake.

Mwaka 1812 mteja mmoja akampa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mkemia aliyekuwa anatamba mjini. Mihadhara minne tu. Hapa ndipo mimi huona aibu, maana sisi tunasubiri desa la mwaka jana tukapige fotokopi. Faraday aliandika alichosikia, akarudi akakinakili upya kwa mwandiko safi na kuchora vifaa, zikatoka kurasa kama 300. Akazijalidi kwa mikono yake, akamtumia Davy mwenyewe! Davy alifurahi, ila nafasi hakuna. Machi 1813 msaidizi wa maabara akafukuzwa kwa kupigana, Faraday akaitwa: shilingi 25 kwa wiki na vyumba viwili juu darini.

Usidhani mambo yakawa mteremko. Walipozunguka Ulaya, mke wa Davy alimfanya kama boi wa nyumbani, karibu aache kila kitu arudi kwao. Halafu 1824, alipopendekezwa kuingia Royal Society, aliyempinga ni Davy yuleyule, wakati huo rais wa chama. Kulikuwa na maneno kwamba jaribio lake la 1821, la waya unaozunguka sumaku kwa nguvu ya umeme, alilitoa kwa mwenzake Wollaston. Alichaguliwa hata hivyo.

Agosti 29, 1831, akachukua pete ya chuma, akaizungushia waya pande mbili zisizogusana. Alipounganisha betri upande huu, sindano ya upande wa pili ikaruka, kisha ikatulia. Alipoikata, ikaruka tena. Kumbe umeme huzaliwa pale sumaku inapobadilika, ikitulia hakuna kitu. Miezi miwili baadaye akazungusha sahani ya shaba katikati ya sumaku, umeme ukatoka mfululizo. Mitambo ya Kidatu, na hata lile jenereta linalonguruma nyuma ya hosteli, inafuata kanuni hiyohiyo.

Hesabu za juu hakuzijua maisha yake yote. Mawazo yake yaliwekwa kwenye milinganyo na James Clerk Maxwell. Cheo cha Sir alikikataa, akafa 1867 akiitwa bwana Faraday tu. Daftari zake za maabara, aya zenye namba zinazopita 16,000, bado zipo London.